Ongeza Nini? Moja

Phelista alikuwa na siku tatu tu. Ijumaa angefanyiwa usaili na kampuni moja ya Nairobi, na sharti lao lilikuwa kwamba mwombaji awe na walau badiliko moja lililokubaliwa katika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta. Kazi hiyo aliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Akiwa kwenye saiba, duka la intaneti analolisimamia mjini Bungoma, alichimbua kiini hicho faili kwa faili mpaka akapata windo. Faili ya kuendesha mashine ya kupima unyevu wa mahindi ilikuwa imejaa maelezo, yale maneno ambayo kompyuta huyaruka, na kubaki ya kusomwa na binadamu tu. Juu ya mstari wa kuongeza moja paliandikwa: "Hapa tunaongeza moja. Tunaongeza nini? Moja." Chini kidogo: "Tunafunga. Tunafanya nini? Tunafunga."

Phelista akaangua kicheko. Hakuhitaji kutafuta jina la mwenye faili. Ni Mwalimu Kipkosgei wa Kitale, aliyemfundisha chuoni miaka miwili bila kumaliza hata sentensi moja kabla ya kuliuliza darasa neno la mwisho, nalo limjibu kwa pamoja. Taabu ni kwamba mwenye faili ndiye anayeidhinisha mabadiliko. Mtu wa adabu angejitafutia faili nyingine. Phelista alifyeka maelezo arobaini na moja, kwa raha ya mwanafunzi anayefuta ubao mwalimu akiwa bado anaandika.

Baada ya hapo woga ukamwingia. Akaambatanisha aya tatu ndefu za kujieleza, akatuma, kisha akampigia simu.

"Mwalimu, habari ya Kitale? Kuna kitu nimekutumia. Usikasirike."

"Nimeona. Ati umenifyekea shamba lote."

"Ni yale ya kurudiarudia tu, Mwalimu. Programu yenyewe si inajieleza?"

"Sawa. Sasa nisomee hiyo barua yako."

Phelista akakohoa kidogo, akaanza. "Badiliko hili linaondoa maelezo ya ziada. Maelezo haya ni ya ziada kwa sababu hayahitajiki. Kwa kuwa hayahitajiki..." Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Endelea," Mwalimu akasema kwa upole wa kuudhi. "Bado aya mbili."

"Nitapunguza, Mwalimu."

Alipunguza mpaka ikabaki sentensi moja, akaituma upya, akakaa roho juu siku nzima ya Jumatano.

Alhamisi saa nne asubuhi, saiba ikiwa na wateja watatu waliongoja kuchapishiwa fomu, jibu likaingia. Badiliko limekubaliwa. Chini yake, mahali ambapo mhakiki hutia jina lake na kuondoka, Mwalimu alikuwa ameandika: "Limepitiwa na Kipkosgei. Limepitiwa na nani?"

Wateja wote watatu waligeuka kumtazama.

"Kipkosgei," Phelista alikuwa ameshajibu, kwa sauti ya darasa zima.