Kaburi la Uani

Hakuwa na pikipiki, hakuwa na mtetezi ofisini, hakuwa na buti za kumtosha, na mama yake mzazi hakuwahi kumjua. Pengo hilo la mwisho lilizibwa na mama mkwe, aliyempokea kama mtoto wa tumbo lake. Mtaani walimwita Bwana Sheria, kwa kuwa alikagua viwanja kwa niaba ya manispaa.

Mama mkwe alipofariki, baba mkwe alimzika uani, na Bwana Sheria mwenyewe akashika koleo. Sheria ya mji ilikataza. Lakini mzee alishikilia kwamba makaburi ya mji yamejaa, siku hizi watu wanapandanishwa kama magunia, naye hatamlaza mkewe juu ya mgeni.

Jirani akapeleka malalamiko. Mkuu wa kikosi cha wakaguzi, asiyejua kwamba mzee ni mkwe wa Bwana Sheria, akamwita.

"Nenda ukague. Kama ni kaburi, kesho tunafukua."

Uani kwa mzee alimkuta jirani kaning'inia ukutani, shingo nje kama kobe.

"Bwana Sheria! Leo unakamata hadi marehemu?"

"Shuka, shangazi, ukuta utakuangusha."

"Wangu una kibali. Na huyo wenu je?"

Kwa kuwa alitazamwa, ilimbidi achome kaburini fimbo ya chuma ya kupimia udongo. Ikazama bila kubisha. Akaichomoa upesi.

Yeye na baba mkwe wakaingia ndani. Bwana Sheria akaandika ripoti, mzee akamtaka asome.

"'Nimekuta shimo la taka la zamani. Limefukiwa vizuri, halina madhara.'"

"Taka?"

"Baba, nikisema hakuna shimo, watakuja wenyewe. Jirani ameona. Taka hazifukuliwi."

"Mke wangu ni taka?"

"Ni karatasi tu, baba."

"Karatasi yenye jina lako. Mwanamke huyu alikupakulia wewe kabla yangu."

"Najua."

 Mzee hakuwa na njia nyingine, na alijua hana.

"Ipeleke," alisema hatimaye. "Alale. Ila mimi usiniite baba tena."

Mzee akampa mgongo; Bwana Sheria alisubiri labda atageuka. Hakugeuka. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akatembea nayo hadi kwenye dirisha la masjala, akaisukuma ndani.