Darasa la Kubebana

Chuoni kulikuwa na desturi moja ambayo kila mwanafunzi wa ualimu aliijua kabla hajajua chumba cha wakufunzi kiko wapi: kubebana. Siku ya somo la mazoezi, mmoja alisimama ubaoni kama mwalimu, wenzake wakageuka watoto wa darasa la nne, na mkufunzi akakaa nyuma na karatasi yake ya maksi. Basi hao watoto bandia, wengine wana ndevu, wengine wana watoto wao nyumbani, walikuwa werevu ajabu. Ukiuliza swali, mikono yote juu. Ukikosea, hakuna aliyeona. Leo wanakubeba, kesho unawabeba, na maksi zinamiminika.

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Aliyeuharibu ni jirani yake wa bwenini, msichana mpole ambaye wote walimwita Mbishi. Upole wake uliishia mlangoni mwa darasa. Akiambiwa awe mtoto, alikuwa mtoto kwelikweli.

Siku Chiriku alipofundisha hesabu za sehemu, mambo yalikwenda vizuri mpaka Mbishi aliponyoosha mkono.

“Mwalimu, nne si kubwa kuliko mbili? Sasa mbona robo ni ndogo kuliko nusu?”

Chiriku alilijua jibu, ila kulieleza kukamshinda. Akachora duara, akalifuta, akachora jingine, mwishowe akasema, “Ndivyo ilivyo, kaa chini.” Mkufunzi akaandika kitu.

Jioni bwenini hakumsemesha mwenzake.

“Umenuna?” Mbishi akauliza. “Mtoto wa kweli angeuliza hivyo hivyo. Bora nikuulize mimi kwanza.”

“Ungeniuliza huku chumbani, dada.”

“Huku chumbani si ulikuwa hufundishi?”

Mtu mwenye akili timamu angecheka hapo, akaomba waketi pamoja walifanyie kazi lile swali. Chiriku alikwenda kula njama.

Zamu ya Mbishi ilipofika, alifundisha sehemu zilezile. Alichukua karatasi mbili zinazolingana. Moja aliipasua, akawagawia watu wawili. Nyingine akawagawia watu wanne. “Nani amepata kipande kikubwa? Kwa nini?” Ilikuwa rahisi hata kiti kingejibu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenye ndevu alikikodolea macho kipande chake kana kwamba hajawahi kuona karatasi. Mbishi akarudia, polepole zaidi. Mikono ikabaki mapajani. Mkufunzi, ambaye hakujua lolote, alipandisha miwani na kuandika kwa muda mrefu.

Chiriku alielewa kila neno. Mkono wake ulitaka kunyanyuka, akaukalia.

Baada ya likizo Mbishi hakurudi. “Amezira tu,” Chiriku aliwaambia wenzake, “atakuja.” Kitanda akapewa mwingine.

Mwaka uliofuata Chiriku alipelekwa shule ya msingi kwa mazoezi, chini ya mwalimu mlezi, mama mmoja wa makamo aliyependa kukaa dawati la nyuma akiwa amevua viatu. Hapo mtoto mmoja mwenye pengo akauliza swali lile lile la robo na nusu, karibu neno kwa neno. Chiriku hakufikiri. Akachukua karatasi mbili, akapasua, akagawa. Darasa likalipuka kwa vidole na “mimi, mwalimu, mimi!”

“Hiyo ya karatasi nani kakufundisha?” mwalimu mlezi alimuuliza baada ya kipindi.

“Mwenzangu wa chuo.”

“Basi una bahati, mwanangu. Mimi nilikuwa na mwenzangu wa hivyo. Aliingia darasani kwangu, nikaingia kwake, tukakosoana mpaka machozi. Bila yeye ningeacha kazi hii mwaka wa kwanza. Wako yuko shule gani?”

Chiriku akainama kuokota vipande vya karatasi sakafuni.

Aliulizia huku na huku mpaka akampata Mbishi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi. Njiani alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Mbishi alimwona, akatoka nyuma ya mashine, akamkumbatia.

“Wewe peke yako ndiye uliyenitafuta,” alisema, akimsogezea kigoda. “Na siku ile nilikuona. Wenzetu walinitazama tu, wewe ulikuwa unanionea huruma.”

“Kwa nini uliacha?”

“Kwa ajili ya lile somo. Kama watu wazima, tena wenzangu, hawakunielewa, watoto wa watu ningewafanya nini? Baba naye akasema heri nimejua mapema.”

Chiriku hakuwahi kufikiria kwamba mtu aliyecheza utoto kwa moyo wote angeamini kuwa hata wenzake wanacheza hivyo hivyo. Angeweza kunyamaza, akaendelea kuwa rafiki mwema aliyekuja kusalimia.

“Tulielewa,” alisema. “Wote. Tulikubaliana tusinyooshe mikono. Mimi ndiye niliyewashawishi.”

Mashine iliendelea kutema karatasi. Mbishi alizikusanya, akazigongagonga mezani mpaka zikawa sawa, kisha akazigonga tena.

“Walielewa?”

“Kila kitu. Mimi nafundisha kwa karatasi zako mpaka leo. Nisamehe, dada. Rudi chuoni, nitakwenda nawe kwa mkuu wa chuo, nitasema yote.”

Mbishi alitikisa kichwa. “Siku hizi nikimuuliza mteja anataka nakala ngapi, akichelewa kunijibu, mikono inanitetemeka. Uliyosema nimeyasikia. Mwili ndio haujasikia.”

Chiriku alianza kulia, na alijua hana haki ya kulia mbele ya huyu. Mteja aliingia na cheti chake. Mbishi akakipokea, akakilaza juu ya kioo, akafunika.

“Mngeniambia tu kwamba nawakera,” alisema kwa upole, macho kwenye mashine. “Ningenyamaza.”