Ukurasa Ambao Hatukuuimba

Mimi si mtu wa subira. Anayesema mwalimu wa watoto wadogo lazima awe na subira hajawahi kufungiwa na watoto sabini na wawili wa première, darasa la kwanza, katika chumba chenye madawati ishirini. Subira hainisaidii kitu. Kinachonisaidia ni nyimbo, kwa sababu mtoto anayeimba hampigi mwenzake, na mtoto aliyeimba silabi mwezi mzima, siku moja anaikuta imekaa ubaoni na anaitambua, kama anavyomtambua shangazi yake sokoni.

Kwa hiyo darasa langu hapa Mudzi-Pela lina kelele kuliko yote mjini Bunia, na sioni haya kusema. Kila asubuhi tunatwanga sombe. Hatuna kinu wala majani ya muhogo. Tunapiga ngumi juu ya madawati, pigo moja silabi moja:

*So, so, sombe ya mama,*
*mbe, mbe, mbuzi anasimama,*
*ka, ka, kamba imekatika,*
*mbuzi amekula, sombe imeisha.*

Upande wa pili wa ukuta anafundisha Maître Liévin, première B. Yeye ana fimbo ya kuonyeshea ubaoni na ba, be, bi, bo, bu, na ukipita barazani utadhani watu wanasali rozari.

"Madame Scholastique," huniambia wakati wa mapumziko, "weye unafundisha batoto ao unafundisha koral ya kanisa?"

Namjibu kwamba batoto bake watasoma vizuri sana kwenye matanga. Hapo anacheka. Ni mtu mzuri, ila hapendi kelele.

Vitabu natengeneza mwenyewe. Nachukua karatasi ya mifuko ya saruji, nakung'uta vumbi, nakata, nashona kwa uzi wa nailoni, kisha naandika kwa herufi kubwa na kuchora. Kitabu kilichopendwa kuliko vyote mwaka huu kilikuwa cha mbuzi aliyekula sombe, kurasa sita, na aliyekisoma kuliko wote alikuwa Gracieuse.

Gracieuse ana miaka saba na anaishi na tate yake, bibi mzaa baba, Mama Prudence. Walikimbia vita kutoka Djugu yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba na mama wako Mongbwalu, baba anachimba dhahabu, mama anapikia wachimbaji, na bibi amebaki hapa na Gracieuse na kadogo wake, yaani mdogo wake, Fiacre wa miaka miwili. Mama Prudence ni mwembamba, mrefu, na anapoingia mahali watu wanaketi vizuri. Jumapili huvaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe, alichopewa na mtu mmoja mwenye huruma mwaka ule walipofika bila nguo. Yeye anaamini wale ndege ni njiwa wa Roho Mtakatifu. Kwenye pindo, chini ya ndege, kuna maandishi yanayozunguka kitenge chote, na Mama Prudence hajui kusoma.

Mimi najua. Niliyasoma siku ya kwanza nilipomwona akienda kupokea komunyo, nikafunika mdomo kwa leso. Padri ameyasoma. Liévin ameyasoma. Parokia nzima imeyasoma, miaka mitano sasa, na hakuna aliyezaliwa mwenye moyo wa kumwambia.

Baada ya Pasaka Mama Prudence alikuja darasani kwangu, Fiacre mgongoni, akasimama mlangoni akitusikiliza tunatwanga.

"Madame," alisema tulipomaliza, "hii ni masomo ao ni michezo? Miye ninaamuka saa kumi na moja, ninaenda kulima shamba ya batu. Huyu kadogo, nani anamuchunga? Jirani, na jirani amechoka. Kama Gracieuse anakuja huku kuimba tu, anaweza kuimba nyumbani akichunga kadogo."

"Gracieuse anasoma, Mama."

"Anasoma nini?"

Nikamwita mtoto mbele, nikampa kitabu cha mbuzi. Gracieuse alisoma kurasa zote sita bila kukwama hata mara moja, na sauti ya mbuzi akaiweka, na ya mama mwenye sombe pia. Mama Prudence alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Sawa," alisema. "Siku ya proklamasyo asome vile mbele ya batu bote. Akisoma, ataendelea. Akishindwa, mwaka unaokuja atabaki na kadogo."

"Atasoma," nilisema. Niliahidi pale pale, na tena nikapita kwa Liévin kujisifu.

Proklamasyo ni ile siku ya kufunga mwaka, wazazi wanapokuja kusikia matokeo yakitangazwa mbele ya kila mtu. Zilibaki wiki nne mvua iliponyesha juu ya kabati langu. Bati limetoboka pale muda mrefu, na niliambiwa nihamishe kabati, na sikuhamisha. Kitabu cha mbuzi kililowa. Ukurasa wa nne ukawa uji. Sikumbuki tena ni uvivu au hasira, lakini badala ya kuuandika upya nilishona pale ukurasa uliokuwa mezani, wenye picha ya kuku na maneno *Kuku anakula mahindi*.

Asubuhi nikampa Gracieuse asome. Akafika ukurasa wa nne, kidole chake chini ya maneno, macho yake kwangu, akasema kwa sauti nzuri: "Mbuzi anavunja mlango."

Ephraïm, aliyeketi dawati la mbele, alinyoosha shingo. "Madame, mbuzi haiko pale. Iko kuku."

Darasa likacheka. Gracieuse alitazama picha, akanitazama mimi, akarudia polepole: "Mbuzi anavunja mlango." Nikaona kwamba hakuelewa wanacheka nini.

Mapumziko tulibaki peke yetu. Nikamwandikia ubaoni *sombe*. Akatazama mikono yangu. Nikapiga dawati mara mbili, akasema "sombe" hapo hapo. Nikamwandikia *baba*, nikakunja mikono. Akasubiri nipige.

Mtoto yule alikuwa na masikio ya ajabu. Kila nilichokisema mara moja, alikuwa nacho milele. Hakuwa amedanganya mtu. Alidhani huko ndiko kusoma, yaani mtu mkubwa anasema, wewe unaweka, halafu unatoa ukiwa umeshika karatasi. Nani alimfundisha hivyo? Mimi, na ngumi zangu na mbuzi wangu. Niliona aibu kiasi kwamba chai ya saa nne sikuinywa.

Liévin alipoona uso wangu aliuliza, nami nikamwambia kila kitu. Sikutegemea atanihurumia.

"Nyimbo haina kosa," alisema baada ya kufikiri. "Lakini huyu, usimupe kintu ya kusikia. Umunyime."

Ni maneno ya maana zaidi aliyowahi kuniambia, na nilikasirika kwamba yametoka kwake.

Siku iliyofuata niliwasimulia hadithi mpya. Mbuzi yule yule, sasa ameiba kiatu cha bibi arusi na kukimbilia kanisani. Watu wamejaa, kwaya inaimba, bibi arusi anachechemea na mguu mmoja mtupu, mbuzi anaingia kwa mlango mkubwa na kiatu mdomoni, anatembea hadi altareni, bibi arusi anageuka na kuona... Nikachukua chaki nikaanza hesabu.

"Madame, ameona nini?" walipiga kelele.

"Miye sitasema. Mwisho iko pale."

Nilikuwa nimeubandika nyuma ya mlango, mistari miwili kwenye karatasi ya saruji, bila picha. Nikatoa sheria moja: aliyesoma asimwambie mwenzake, kwa sababu kila mtu lazima aupate mwenyewe.

Mapumziko mlango wangu ulikuwa na watu kuliko bomba la maji. Ephraïm alisoma wa kwanza akaanguka chini kwa kicheko. Wengine nao mmoja mmoja, siku ile na ya pili, wakawa wanatoka na mikono mdomoni. Gracieuse alikuja kwangu, akavuta sketi yangu.

"Madame, sema kidogo tu."

"Hapana."

Ilinichoma kusema vile, mtoto mwenye macho kama yale. Akaenda kwa Ephraïm na kipande cha muwa. Ephraïm alikula muwa wote, akamwambia sikioni. Gracieuse akarudi darasani amejaa machozi, akasimama akatangaza: "Padri amekula mbuzi."

Watoto sabini na mmoja walicheka hadi Liévin akagonga ukuta. Gracieuse alielewa kwamba ameuziwa uongo, na hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilifurahi. Hasira naijua, inafanya kazi.

Hakula mapumziko yale wala ya kesho yake. Alisimama nyuma ya mlango, kidole kwenye herufi, akipiga mlango kwa ngumi ya mkono mwingine, taratibu, kama mtu anayetwanga kwa kuogopa kuamsha mgonjwa. Mimi nilijifanya nasahihisha madaftari. Siku ya tatu, wenzake wakiwa uwanjani, nilimsikia: "Mbu... zi. Mbuzi. A-me-va-a." "Ki-a-tu." Ngumi ikaendelea kupiga mstari wa pili. Halafu kicheko, kidogo kwanza, kisha kikubwa, akaja mbio akanishika mkono.

"Madame, mbuzi amevaa kiatu! Anacheza na bibi arusi!"

Nililia, naandika hivyo bila kuficha. Kisha nikamwambia akamwadhibu Ephraïm anavyotaka, akaenda akamdai muwa wake.

Baada ya hapo nilimwandikia mwisho mpya kila siku, na alisoma kila siku. Lakini alisoma vibaya. Yule mtoto aliyesoma kama maji yanayotiririka hakuwepo tena. Huyu alikwama, akarudi, akatoka jasho. Nami nilikuwa na uamuzi wa kufanya. Ningeweza kumpa kitabu cha mbuzi siku ya proklamasyo, akazimwaga kurasa zote sita, bibi akaridhika na mambo yakaisha. Nilifikiri hivyo siku mbili nzima. Nikaona siwezi, ningekuwa nimemrudisha pale pale nilipomtoa.

Siku ilifika. Wazazi walijaa kwenye mabenchi chini ya hema la bluu, Mama Directrice, mkuu wa shule, mezani na karatasi zake, Mama Prudence mbele kabisa katika kitenge chake cha ndege, Fiacre amelala begani. Gracieuse akaitwa. Nikampa ukurasa ambao hakuwahi kuusikia.

"Ku-ku," alianza. "Kuku a-me-ta-ga. Ametaga. Ya... yai. Nda... nda-ni ya. Ko-fi-a. Kofia ya ba-ba."

Ilichukua muda mrefu sana. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Alipomaliza watu walipiga makofi matatu, ya huruma. Mimi nilitaka kuruka juu ya meza kwa furaha, na nilipomtazama Mama Prudence nikaona amesimama.

"Madame," alisema, na kila mtu akasikia, "kisha Pasaka mutoto huyu alikuwa anasoma mbio. Sasa anasoma kama mugonjwa. Mumemuaribu."

"Mama, wakati ule hakukuwa anasoma. Alikuwa ameshika kwa kichwa. Sasa njo anasoma kweli."

"Ee? Basi na hii ya kuku umemushikisha kwa kichwa, na ameshika mubaya." Aligeukia Directrice. "Munisamehe. Miye nilisema, akishindwa atabaki na kadogo. Atabaki."

Liévin alisimama kutoka benchi la walimu. "Mama, ni kweli, miye niko shahidi."

"Beye bote ni balimu," alisema Mama Prudence. "Munasaidiana. Kintu yote iko hapa, Madame njo ameandika. Asome kintu ya Madame hakumufundisha, miye nitaamini."

Nilitazama huku na huku nitafute gazeti, kalenda, chochote. Gracieuse hakutazama popote. Alikuwa amesimama mbele ya bibi yake, kichwa kimeinama kwa kukaripiwa, na macho yake yalikuwa hapo hapo chini, kwenye pindo la kitenge. Nilimwona akinyoosha kidole. Nilitaka kumzuia, nikachelewa.

"Po," alisema. Akapiga paja lake kwa ngumi. "Po... mbe. Kama sombe. Pombe." Alilifuata pindo, na bibi yake, kwa mshangao, akageuka kidogo kumpisha. "Ba-ri-di. Pombe baridi. I-ko. Ha-pa." Akainua uso, jasho puani, anang'aa. "Tate, *Pombe baridi iko hapa*. Imeandikwa kwa kikwembe yako. Imezunguka yote."

Mama Directrice alipata jambo muhimu sana katika karatasi zake.

Mama Prudence alimtazama Liévin. "Maître. Njo ile imeandikwa?"

"Njo ile, Mama," alisema Liévin akiangalia viatu vyake.

"Munajua tangu wakati gani?"

Alitugeukia mmoja mmoja, nami zamu yangu ilipofika nilitamani kuwa kabatini na ule uji wa karatasi.

"Miaka mitano," alisema. "Miye ninaenda mbele ya altare na hii. Batu bakubwa bote, na masomo yao, bananyamaza." Alimtazama mjukuu wake. "Na mutoto huyu, nani alimwambia?"

"Hakuna mutu, Mama," nilisema. "Nani angejaribu?"

Midomo yake ilianza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Fiacre akaamka, na hapo hema lote likapata ruhusa, na Liévin alicheka kuliko wote akijifuta kwa tai yake.

"Madame, mwaka unaokuja umuandike wa kwanza," alisema Mama Prudence alipopata pumzi. "Kadogo nitamubeba kwenda naye ku shamba."

Alifungua kitenge hapo hapo juu ya sketi yake, akakigeuza ndani nje, akakifunga tena, akajitwika kikapu chake, akamshika Gracieuse mkono. Niliwasindikiza kwa macho. Getini kuna ubao wa shule, rangi imebanduka, maneno mengi. Mama Prudence alisimama chini yake.

"Na ile inasema nini?"

"Ngoja, tate. Ni murefu."

Jua lilikuwa kali, Fiacre analia njaa, na watu walikuwa wanawapita kushoto na kulia. Mama Prudence aliweka kikapu chini, akangoja.