Gari Lililopimwa Kama Nguo

Siku Nyundo alipoliona gari lile kwa mara ya kwanza, kuku watatu walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa gari la zamani la kupanda milima, la pua ya mraba na milango ya bati nene, na lilikuwa limesimama nyuma ya banda la bwana mifugo mmoja mstaafu kwa miaka kumi na moja bila kuwashwa. Magugu yalikuwa yamepenya sakafuni yakachungulia dirishani kama abiria. Bwana mifugo alimwambia kwamba akiweza kulitoa pale, ni lake, ila kuku wapewe taarifa mapema.

Nyundo alilala chali, akaingia chini ya gari, akagonga chesisi, uti wa mgongo wa gari, kwa kifundo cha kidole kutoka mbele mpaka nyuma. Ililia sauti moja tu, sauti ya chuma kizima. Hapo hapo, mgongo ukiwa kwenye mavi ya kuku, alimshukuru Mungu. Alikwisha jua gari lile litakuwa la nani.

Litakuwa la dada yake.

Dada alikuwa fundi cherehani. Tangu walipobaki wawili, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na Nyundo saba, cherehani ile ndiyo iliyowalisha. Ovaroli ya kwanza ya Nyundo, siku aliyoingia gereji kujifunza kazi ya bodi, aliishona Dada kutokana na mapazia mawili. Mafundi walimcheka kwa yale maua, lakini ilimkaa vizuri kuliko ovaroli ya bosi wao. Sasa Nyundo alikuwa na miaka hamsini na mbili na gereji yake mwenyewe, na Dada alikuwa na chumba cha kushonea juu kule kilimani, chenye dirisha kubwa lililoingiza mwanga wa siku nzima.

Halafu Dada akaanguka bafuni, akavunjika nyonga ya kushoto.

Mfupa uliunga. Alitembea kwa fimbo, akapika, akafua. Ila njia ya kwenda kilimani ilikuwa ya mawe na tope, na magari madogo yaliishia katikati. Pikipiki hakuiweza tena. Nyundo alijitolea kumpeleka na kumrudisha kila siku, akajibiwa kwamba yeye si furushi. Miezi mitano chumba kikakaa kimefungwa. Mama mwenye nyumba alimvumilia kwa upendo, mpaka akaja fundi mwingine anayekitaka chumba kile, naye Dada akasema jambo ambalo lilimkosesha Nyundo raha.

"Jumatatu ya mwanzo wa mwezi ujao," alisema, "nitakifungua mimi mwenyewe, au nitarudisha ufunguo. Sipendi kumfungia mwenzangu riziki."

Zilibaki wiki tano. Nyundo akawaambia wateja wake wasubiri, akaanza.

Aliyefanya naye kazi alikuwa mpiga rangi wake, mtu mwembamba mwenye masharubu mazito kiasi kwamba jina lake la kweli lilikwisha sahaulika, walimwita Sharubu. Siku ya kwanza aliuliza kama wanatengeneza gari au banda, maana mayai bado yalikuwa yanatoka chini ya viti. Walilivua gari mpaka likabaki mifupa. Nyundo alikata bati lililoliwa na kutu, akachomelea jipya, akapiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama zake. Injini waliifungua, wakaisafisha, wakaibadilishia pete na gaskiti. Breki za zamani, ambazo zilikuwa zinataka mguu wa fahali, aliziondoa akaweka nyepesi. Na klachi ndiyo aliyoiwaza kuliko vyote. Dada alijua kuendesha tangu zamani, lakini mguu wake wa kushoto ndio ungeikanyaga, kwa hiyo alitafuta klachi ya kusukumwa na mafuta, akaifunga, akaijaribu kwa mkono mmoja huku akinywa chai. Ilishuka kama mto wa pamba.

Kila asubuhi kabla ya kugusa spana aliweka kiganja juu ya boneti na kuomba. Sharubu, ambaye kusali kwake kulikuwa kwa msimu, alianza kuvua kofia bila kuambiwa.

Sasa, mafundi wa magari ya namna hii wana ugonjwa wao. Mtu akiingia gereji hasalimii kwanza, anainama, anatazama chini ya gari, anauliza, "Umelipandisha inchi ngapi?" Likiwa limekaa chini wanakuambia umetengeneza bakuli. Kwa hiyo, bila hata kukaa na kufikiri, kama mtu anavyofunga kamba za viatu, Nyundo alifunga springi nene na shokabu ndefu, akavalisha tairi kubwa za kumeza mawe. Gari likasimama kifua mbele. Sharubu akalipiga rangi ya bluu iliyotulia, rangi ya sare za shule, kwa kuwa Dada alikuwa ameshona sare za shule maisha yake yote. Mafundi wa jirani walikuja kulizunguka na kutikisa vichwa kwa heshima.

Alhamisi, siku nne kabla ya ile Jumatatu, Nyundo alimleta Dada gereji. Hakuwa amemwambia kitu, alitaka kumshtukiza.

Dada alisimama akalitazama. Aligusa taa, akagusa kioo, akapitisha kidole kwenye mshono wa mlango kama anavyokagua kola. Alisema rangi hii anaijua. Machozi yakamtoka, akayafuta na upande wa khanga, akaomba kwa sauti ya chini Mungu awabariki mafundi wote wawili. Sharubu alijifanya ana vumbi machoni.

Kisha Nyundo akafungua mlango wa dereva, akasema, "Karibu kwako, Dada."

Dada alisogea. Aliutazama ukingo wa kuingilia, ambao ulikuwa unakaribia paja lake. Alishika mlango, akauinua mguu wa kushoto. Ulifika nusu, ukatetemeka, ukarudi chini. Akajaribu kutanguliza wa kulia, lakini hapo nyonga iliyovunjika ilipaswa kubeba mwili wote, na uso wake ukabadilika. Nyundo alimkimbilia. Dada akamzuia kwa mkono.

Hakulalamika. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza Nyundo kuliko tusi.

"Ni zuri sana, mdogo wangu," alisema. "Acha kwanza nilitazame hivi hivi kwa nje."

Aliporudishwa nyumbani, njiani alizungumza mambo mengine kabisa. Nyundo alirudi gereji akaketi juu ya tairi. Alikuwa ameuwaza mguu wa Dada juu ya klachi kwa wiki tano. Hakuwa amewaza hata dakika moja namna mguu huo utakavyofika huko.

Sharubu alilizunguka gari mara moja, akachungulia ndani. Kisha akasema wangeweza kuweka kigoda nyuma ya kiti, Dada akifika akishushe na kamba.

"Dada yangu si wa kupanda gari kwa kigoda," alisema Nyundo.

Aliinamisha kichwa, akaomba, na siyo maneno mengi. Aliomba tu aonyeshwe. Na kilichomjia kichwani ni kitu cha zamani sana: yeye mwenyewe, mtoto wa miaka minane, amesimama juu ya stuli akiwa amevaa shati ambalo bado halijawa shati, limeshikizwa kwa nyuzi ndefu za muda, zile ambazo mafundi cherehani huziita bandi. Dada yuko chini, pini mdomoni, anamwambia inua mkono, shusha, geuka. Hakuna nguo Dada aliyoishona moja kwa moja bila kwanza kuipiga bandi na kumvalisha mwenyewe. Hata kama mteja ana haraka. Hata kama ni ya mdogo wake, na ni ya mapazia.

Yeye alikuwa amemshonea nguo bila kumvalisha.

Ijumaa asubuhi walianza kubomoa. Springi nene zikatoka, zikaingia zile za mwanzo zilizokuja na gari, ambazo Nyundo alikuwa amezitupa pembeni kwa dharau. Shokabu fupi. Tairi za kimo cha kawaida. Fundi mmoja wa jirani akapita, akainama kutazama, akauliza kama gari linaumwa. Sharubu akamjibu kwamba limepiga magoti kusali, naye aende akafanye hivyo hivyo.

Hata baada ya hapo ukingo bado ulikuwa juu kwa Dada. Kwa hiyo Jumamosi Nyundo alimfuata nyumbani akamwambia waziwazi: nimekosea, sikukupima, njoo ujaribu. Na aje na vifaa vyake.

Dada alimtazama sana. Kisha akachukua chaki ya kushonea, utepe wa kupimia na kibweta cha pini, ingawa pini hazikuwa na kazi.

Gereji ilikuwa na mwanga mweupe wa saa nne. Nyundo alikuwa amepanga mbao chini ya mlango, ubao juu ya ubao. Dada alikanyaga wa kwanza. Sawa. Wa pili. Sawa, ila polepole. Wa tatu akatikisa kichwa. Akarudi kwenye wa pili, akainama kidogo, akapiga mstari wa chaki kwenye bati la bluu.

"Hapa," alisema. "Usinizidishie hata upana wa kidole."

Nyundo akaweka kikanyagio cha chuma kwenye mstari, akavaa miwani ya kuchomelea, akagusa mahali pawili tu. Nukta mbili. Akampa mkono ajaribu.

"Mbona hujamaliza kuchomelea?" Dada akauliza.

"Nimepiga bandi."

Dada alicheka mpaka akalazimika kushika mlango. Ilikuwa zaidi ya miezi sita tangu Nyundo asikie kicheko kile. Kuanzia hapo Dada ndiye aliyekuwa fundi, na Nyundo na Sharubu walikuwa wanafunzi wake. Kikanyagio kisogee mbele. Kirudi. Kiti kishuke upana wa vidole viwili, kisogee nje kidogo ili akae kwanza ndipo miguu ifuate. Mpini wa kushikia uwekwe pale, siyo pale, huo ni wa majitu. Mara tatu Nyundo alivunja nukta zake na kuzipiga upya. Mara ya nne Dada aliweka fimbo ndani ya gari, akashika mpini, akakanyaga, akakaa, akaingiza miguu mmoja mmoja. Peke yake. Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Sasa shona," alisema.

Sharubu alipotaka kufuta mstari wa chaki ili aguse rangi, Nyundo alimwambia auache. Akapuliza vanishi juu yake. Upo mpaka leo.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Dada alipanda kilima akiendesha mwenyewe. Nyundo alikaa pembeni mikono mapajani, akijikaza asikanyage breki ambayo haikuwepo upande wake. Palipokuwa na tope gari lilinguruma kidogo likapita, bila makuu. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Alipoliona likisimama na kumwona aliyeshuka, hakuuliza habari ya ufunguo. Alichukua ufagio akaanza kufagia kizingiti.

Kabla ya kufungua, Dada alisali, mkono juu ya boneti. Alimshukuru Mungu kwa nyonga iliyounga na kwa kuku waliolilinda gari. Alishukuru kwa klachi, kwa breki, kwa springi fupi, na kwa ile nyingine inayokaa kando yake, aliyosema jina lake limemtoka lakini Bwana anaijua.

"Shokabu," Nyundo alinong'ona.

"Na kwa shokabu," Dada alisema. "Amina."

Ndani palinuka vumbi na kitambaa. Alifungua dirisha, akavua shuka juu ya cherehani, akatia mafuta tone moja moja. Nyundo aliaga, gereji ilikuwa imejaa wateja wenye kununa. Dada akamwambia asiende kwanza, aje hapa penye mwanga.

Alikuwa ameshika utepe.

"Hiyo ovaroli yako inatia aibu," alisema. "Inua mikono."

Nyundo, miaka hamsini na mbili, akainua mikono. Dada alipima mabega, akapima kifua, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa meza.

"Jumamosi uje kujaribu," alisema. "Itakuwa na bandi."