Kitambaa cha Mezani

Tangu apatwe na kiharusi, baba hakuweza kutoa neno refu mpaka kwanza alisikie likigongwa mezani. Kiholanzi chetu huunganisha maneno kama mabehewa, na mara nyingi behewa la mbele ndilo zito. Mwalimu Wietske, aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza, ndiye aliyetuonyesha: pigo moja zito la kidole, mengine mepesi yafuate. Tulikunja kile kitambaa kinene cha mezani tukakitia kabatini, ili ubao usikike.

"Brug-wach-ters-huis," alisema mwalimu akigonga. Nyumba ya mlinzi wa daraja, yaani hii yetu.

"Brug," alisema baba, yaani daraja, akakwama hapo.

"Harmen, wenzako wa miaka sita wameshamaliza, wanacheza nje," mwalimu akamtania.

Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wiki ya tatu akalisema lote.

Manispaa walikuwa wameandika kwamba watamtuma mtu. Baba akiweza kusema mwenyewe anataka kuishi wapi, tutabaki. Asipoweza, atapelekwa nyumba ya wazee mjini, nami nitafute pa kulala.

Asubuhi ile nilifuta madirisha, nikachuja kahawa, na kwa kuwa mgeni hakalishwi kwenye meza tupu, nikatandika kitambaa. Sikufikiri. Marehemu mama angefanya hivyo hivyo.

Bwana Terpstra wa manispaa alichukua biskuti moja, nikafunga kopo kama ilivyo desturi yetu.

"Haya, mzee. Unataka kuishi wapi?"

Baba akatazama kidole changu. Nikagonga. Kitambaa kikameza kila pigo. Nikazidisha nguvu, vikombe vikatikisika.

"Dada Jikke, tulia," alisema yule bwana. "Mwache mzee aseme mwenyewe."

"Brug," alisema baba. "Brug."

"Darajani ameshawekwa mlinzi mwingine, mzee wangu." Alisema kwa upole, huku akiandika.

"Ngoja nitoe kitambaa," nikasema.

"Na vikombe vimejaa hivi? Usijisumbue, nimeshamaliza."

Siku hizi naenda kumwona kila Jumapili. Meza za kule hazina kitambaa, ni mbao tupu, zinalia vizuri. Mara ya kwanza niligonga: pigo zito, matatu mepesi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kiganja chake juu ya kidole changu, akakiacha hapo hapo mpaka kengele ya chakula ilipolia.