Nyasi Mkononi mwa Bwana Kranz

Enzi za Mjerumani, chini kidogo ya Sokon, katika nchi ya Waarusha, mlowezi mmoja aliyeitwa Bwana Kranz alizungushia uzio wa miiba malisho ya watu ili apate mahali pa kupigia gofu. Hakuwa na mwenzake wa kucheza naye. Alicheza peke yake, na siku nyingine alishindwa vilevile, akanuna mpaka Jumapili.

Shida ni kwamba malisho hayo ndiyo yaliyokuwa njia ya ng'ombe kwenda mto Themi. Bwana akakataza, eti kwato zinaharibu majani yake. Kiangazi kikaingia, chemchemi ya juu ikabaki tope, halafu hata tope likakauka. Ng'ombe wa mfugaji mmoja, Lerionka, wakawa mbavu tupu. Maziwa yakakatika, na mkewe, Nasieku, alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Kaka yake Nasieku, Lekishon, ndiye aliyekuwa akimbebea Bwana mfuko wa fimbo za gofu. Kila alipopita karibu na uzio, Lerionka alimchokoza.

"Shemeji, bwana wako leo kaua mnyama gani?"

"Hajaua kitu. Kalipiga yai lake likaangukia mtoni."

Mpira ule mdogo mweupe wote waliuita yai, maana ulifanana na la kanga.

"Basi yai limewazidi ng'ombe wangu," Lerionka alisema. "Lenyewe limekunywa."

Lekishon alicheka, halafu akaacha, kwa sababu aliwaona ng'ombe wenyewe.

"Ni upepo huu wa mlimani," alisema. "Ukimjia usoni, anachukua fimbo nene, anapiga chinichini. Ukija ubavuni, analenga pembeni kabisa, kule kwenye mti, upepo wenyewe ulirudishe yai. Anaupima kwa moshi wa kiko chake. Akipuliza, naangalia moshi unakokwenda, najua ataomba fimbo gani."

"Mtu mzima."

"Mtu mzima, shemeji. Ana ndevu na kila kitu."

Siku iliyoleta balaa, tumbaku ya Bwana ilikuwa imekwisha, mzigo umekwama mjini Moshi. Upepo ulikuwa unageukageuka, mara juu, mara ubavuni. Lekishon alikuwa ametangulizwa mbele akaangalie yai litakapoangukia. Lerionka alisimama kwenye uzio, ng'ombe nyuma yake wameinua pua kuelekea mtoni. Na yai lilikuwa limelala karibu naye kabisa.

Bwana Kranz akaja. Akatazama upande wa Lerionka. Akainama, akachuma nyasi, akaziinua mbele yake, akaziachia polepole. Upepo ukazipeleka mpaka kifuani kwa Lerionka.

Kwa Waarusha, mtu uliyegombana naye akichuma nyasi na kuziinua mbele yako, ameomba amani. Ugomvi umekwisha hapohapo. Hata vitani mkuki unashushwa.

Lerionka aliinamisha kichwa kuipokea amani hiyo. Kule mbele Lekishon naye aliona, akaweka mkono kifuani. Mwaka mzima wa kubeba fimbo, hakuwahi kumwona Bwana akigusa nyasi.

Lerionka alingoja Bwana apige na kusogea mbali, kwa adabu tu, maana aliyekuomba amani humkimbilii na ng'ombe. Kisha akaivuta miiba kando. Hakuwa na haja ya kuwaswaga. Walikimbia wenyewe.

Bwana alipolifikia yai lake, akachuma nyasi tena. Mbele yake hapakuwa na mtu, palikuwa na mti tu. Akaziachia, akaangalia zinakokwenda, akasogeza miguu, akalenga pembeni.

Lekishon akakumbuka kiko kisicho na tumbaku. Akageuka kumpigia kelele shemeji yake, lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kujaa kwenye majani ya Bwana.

Askari waliitwa kutoka nyumbani kwa Bwana. Waliwazuia ng'ombe wote, wakawageuza kuelekea Boma la serikali, ndama kwa wakubwa. Hakuna aliyefika majini isipokuwa maksai wa mbele, naye alilowesha pua tu.

Lerionka hakupigana. Aliamini kuna kosa dogo limetokea, na mtu waliyepatana naye angelimaliza. Alimfuata Bwana, aliyekuwa amerudia mchezo wake, pigo la mwisho likiwa mbele. Akachuma nyasi konzi nzima, akapiga magoti, akaziinua juu kwa mikono miwili.

"Bwana," Lekishon alisema kwa Kiswahili, "huyu anaomba. Ng'ombe ndio maisha yake. Ana mtoto mdogo."

Bwana Kranz alizitazama zile nyasi. Zilikuwa zinalalia kushoto. Uso wake ukachangamka.

"Kaa hivyo hivyo," alimwambia Lerionka. Kisha kwa Lekishon, "Upepo geuka. Lete ile nyingine."

Lekishon akaitoa, akampa.

Bwana akalenga pembeni, akapiga. Yai likaenda nje, upepo ukalirudisha taratibu, likaangukia pale pale alipotaka. Siku hiyo alijishinda.

"Vizuri," alimwambia Lerionka. "Kesho njoo tena."

Vumbi la ng'ombe lilikuwa limepanda juu ya migomba, linakwenda mjini. Lerionka hakujua Kiswahili, ila aliona tabasamu. Mikono ilikuwa bado juu.

"Shemeji," aliuliza, "amekubali?"

Lekishon aliuweka mfuko begani. Akasema ngoja kwanza akaliokote yai.