Maziwa ya Wajumbe

Bamurange alikuwa akikaanga ndizi nyumbani kwake South End, Louisville, Jumanne mchana, Waholanzi walipoingia na meza yao ndefu. Walikuwa wanne: mzee wa chama kikubwa cha Kikristo, dada wa chama kidogo cha Kikristo, na mabwana wawili wa vyama visivyotaja Mungu. Kwenye uchaguzi wao hakuna aliyeshinda peke yake, kwa hiyo sharti waelewane ndipo serikali iundwe. Kwa nini waelewane sebuleni kwake, hawakusema, naye si mtu wa kuwadadisi wageni. Akasogeza kochi.

Mumewe, Sylveri, alirudi kutoka kazini, ghalani Jeffersontown, akawakuta. "Bon, hawa nao habana kwabo?" akauliza, akaenda kuoga.

Wakawa wanakuja kila mchana, kiangazi kizima. Kiholanzi chao Bamurange alikielewa vizuri tu, na alichokisikia kilimkata maini. Walikuwa wakijadili watoto wa wakimbizi waliokulia Uholanzi bila vibali. Wawili kati ya hao walikuwa wa Gaju, mdogo wake aliyeishi huko.

Basi akawapa maziwa. Kwao, milimani Kivu ya Kusini, aliyekunywa maziwa yako amekuwa ndugu, hawezi tena kukutenda ubaya. Waholanzi waliyapenda. Waliyatumia kuteremshia mkate, wakaomba kuongezewa. Jioni akampigia Gaju kwa WhatsApp.

"Bamekunywa?" Gaju akauliza.

"Bote! Hata bale basiosali. Usiogope tena, mdogo wangu."

Kumbe masikini, kwa Waholanzi maziwa ni chakula cha mchana tu.

Majani yalipoanza kupukutika, wakaafikiana. Vyama vya Kikristo vilitaka maduka yafungwe Jumapili. Vile vingine vilitaka watoto warudishwe. Kila upande ukakubali haja ya mwenzake.

"Mzee," Bamurange akasema, "maziwa yangu munakunywa, batoto betu munafukuza?"

"Mama, ni serikali ya mseto," mzee akajibu kwa upole. "Hakuna anayepata vyote. Angalau Jumapili tumeiokoa."

Waliosha vikombe, wakavifuta. Mzee, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaomba wote wasimame wasali. Alisali kwa machozi, akiwataja watoto wa Gaju kwa majina, akiomba ndege yao ifike salama Kinshasa, mji wasikokuwa na mtu. Majina hayo Bamurange mwenyewe ndiye aliyemtajia. Alitamani kumtimua kwa mwiko. Lakini sala ni sala, ndivyo alivyolelewa. Akaitikia amina pamoja nao.